Makosa Tuliyoyatandaza Mkekani

Mwanangu Faki,

Salamu ulinipa asubuhi ulipokuja kunishika mkono, na utanipa nyingine ukirudi, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja. Ni alasiri. Umekwenda Kilindoni kukata tiketi ya boti ya kesho na kuagana na wenzako. Bibi yako amejilaza chumbani, na mimi nimekaa ukumbini na kalamu ya bluu. Nimeitafuta kusudi. Nyekundu zimejaa mkobani, lakini sikutaka kukuandikia kwa nyekundu.

Mambo ya kufua, kula, kuswali na kuchagua marafiki siyaandiki. Kama hukuyashika miaka yote hii nikiyasema, karatasi moja haitayaweza. Nataka tuizungumze ile miaka miwili ya mtihani. Ilipokwisha tulifurahi tukapita, hatukukaa tukaitazama. Mtahiniwa ulikuwa wewe, lakini naona mimi ndiye niliyefundishwa zaidi, na sijawahi kukuambia.

Watu wakikuuliza uuguzi uliupendea wapi, unawajibu kuwa ni somo la baiolojia. Mimi najua ni mguu wa bibi yako. Ulikuwa kidato cha pili kidonda kile cha sukari kilipofunguka chini ya kidole gumba. Muuguzi wa hospitali alikuonyesha mara moja namna ya kukisafisha na kukifunga, akidhani anamwonyesha mtu wa kwenda kuniambia mimi. Hukuja kuniambia. Ulikwenda kufanya. Mimi, binti yake wa kumzaa, nilikuwa nashika beseni na kugeuza uso, na wewe unainama mpaka pua inakaribia kugusa, unamuuliza, "Hapa panauma, Bibi? Na hapa?" Yeye anakujibu kwa matusi yake ya kizamani, nawe unacheka, unaendelea.

Kwa hiyo uliposema unataka kile chuo cha bara chenye mtihani wake wa kuingilia, sikushangaa. Nilisema moyoni, mimi ni mwalimu, maisha yangu yote nasahihisha mitihani, huyu mtoto nitamvusha. Ndivyo nilivyoanza kukosea.

Ulipata karatasi nne za mitihani ya zamani kwa yule kijana wa Miburani aliyesoma huko. Ukafanya ya kwanza kwenye karatasi ya daftari, ukaniletea, nikaisahihisha palepale. Thelathini na nane. Sikukugombeza. Laiti ningekugombeza, maana ugomvi una maneno na maneno yana majibu. Niliigeuza karatasi kifudifudi, nikaweka sahani juu yake, nikakuuliza kama umekula.

Unajua nilikojifunza hayo? Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa hasomi ripoti yangu ya shule. Alikuwa anatafuta namba moja tu, ile ya nafasi darasani. Ikiwa nzuri, ripoti inaingia mfukoni, inakwenda barazani msikitini, inarudi na mikunjo ya vidole vya watu. Ikiwa mbaya, ananirudishia mkononi bila neno. Hakunipiga hata siku moja. Lakini mpaka leo mtu akinirudishia karatasi kimyakimya, naigeuza kifudifudi kabla sijaisoma. Kumbe nilikuwa nimeuchukua ule mkono wake, nikautia kwenye mkono wangu.

Baada ya siku ile alama zako zikapanda. Hamsini na kitu, sitini na kitu, halafu themanini na moja. Nilizipokea kama mvua ya mwaka. Nilizitangaza chumba cha walimu, nikampigia mama yako mdogo Dar. Baba yako aliporudi kutoka Utende, alikokuwa akiendesha boti ya wageni wiki nzima, nilimwonyesha ile ya themanini na moja kabla hajavua viatu. Alisema, "Mashallah," kisha akakutazama wewe, hakuitazama karatasi. Wewe ukatoka kwenda kuteka maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Hilo pipa lililojaa nilipaswa kuliona. Sikuliona.

Ukavuka kwenda bara, ukafanya mtihani, ukarudi. Orodha ilipotoka uliifungua hapahapa ukumbini. Uliteremsha kidole kwenye kioo cha simu, ukapandisha, ukateremsha tena, kana kwamba jina lako lilikuwa limetoka kidogo na litarudi. Halafu ukasema, "Mama, simo," ukaiweka simu mezani taratibu, kama kitu cha mtu.

Ulikwenda Utende na baba yako kuosha vifaa vya wazamiaji, ukawa unalala hukohuko. Mimi nikabaki na watu. Wakiniuliza, nilikuwa nawajibu kwamba wa bara hupendeleana, nafasi wamepeana wao kwa wao. Niliyasema hayo mara nyingi mpaka yakawa yanatoka yenyewe. Siku moja baba yako akanisikia nikimwambia muuza samaki mlangoni. Alingoja mtu yule aondoke.

"Mama Faki," akasema, "hilo unalijua, au unalitaka?"

Nilikuwa nalitaka.

Ijumaa ile uliporudi ulikuwa umeketi ukibadilisha kitambaa cha mguu wa bibi yako, nami nikaingia na zile karatasi nne. Nilikuwa nimezipiga pasi, Faki, unakumbuka? Nikakwambia mtihani upo tena mwakani, anza nazo mapema.

Hukuinua kichwa. "Hizo sizihitaji, Mama."

"Huzihitaji kwa nini? Umeshakata tamaa?"

"Swali la tatu ni B," ukasema. "La nne ni D. La kumi na moja A. Ukitaka nitakusomea zote bila karatasi. Nilizirudia mpaka nikajua jibu limekaa wapi kwenye ukurasa. Maswali yenyewe nilikuwa siyasomi tena."

"Na hukuniambia?"

Hapo ndipo uliponitazama. Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Uliniuliza nimepata ngapi, Mama. Nikawa nakuletea."

Bibi yako akautikisa mguu wake uliofungwa nusu. "Mguu, Faki," akasema. "Mtagombana ukishafungwa."

Nilikwenda uani nikafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nilikuwa nazikamua na kujiuliza, miaka mingapi nimekaa mbele ya watoto wa watu, wangapi kati yao walikuwa wananiletea tu? Mtoto wangu alinidanganya bila kuniambia uongo hata mmoja. Kila alama ilikuwa ya kweli. Nami niliyezisahihisha sikujiuliza kwa nini alama zinapanda na wewe unazidi kukonda.

Jioni ile nilivuka njia nikaenda kwa jirani yetu, Mwalimu Neema, wa kemia. Wakati ule alikuwa hajatimiza mwaka tangu ahamishiwe hapa kutoka Njombe, bado analalamikia joto na hajaweza kula pweza. Nilimweleza yote, mpaka ile habari ya wa bara na kupendeleana, maana yeye ni wa bara na nilishaisema karibu na mlango wake. Alicheka kwanza, akanikaribisha ndani. Nikamwonyesha zile karatasi na majibu yako ya mwisho, nikaanza kumtajia alama.

"Dada, alama za mazoezi hazinisaidii kitu," akasema. "Nataka alizokosa. Hizi za mwisho ni za kukariri, kwa hiyo hazina habari. Karatasi yake ya majibu, ile ya thelathini na nane, iko wapi?"

Sikujua iko wapi. Ile peke yake iliyokuwa inatueleza ukweli ndiyo niliyoipoteza.

Neema alitutafutia karatasi nyingine kwa walimu wenzake wa bara, ambazo macho yako hayajawahi kuziona. Jumamosi akakufungulia darasa, ukakaa peke yako mbele ya saa ya ukutani, hakuna kunyanyuka, hakuna daftari, saa ileile ya mtihani wenyewe. Muda ulipokwisha hukuwa umefika mwisho. Nilikusahihishia palepale kwenye dawati la nyuma. Arobaini na saba.

Faki, nataka ujue kilichonipitia. Mwaka mzima wa taabu, fedheha ya orodha, halafu arobaini na saba, chini kuliko zile za kukariri. Niliusikia mkono wangu ukitaka kuigeuza ile karatasi. Na nilipoinua macho nikakukuta hutazami karatasi. Unanitazama uso. Ulikuwa unausoma kama mtu anavyosoma mawingu kabla ya kwenda shamba. Nikatambua kwamba mtihani wako wa kweli miaka yote ulikuwa ni uso wangu.

Nikakuuliza neno moja tu nililoliweza. "Wapi?"

"Wapi nini?"

"Wapi palikukamata?"

Ulisimama kidogo, kama hukuamini. Kisha ukavuta kiti, ukaketi ubavuni pangu, ukaweka kidole kwenye swali la pili. Tangu ulipoingia sekondari hukuwa umeketi ubavuni pangu hivyo.

Jumapili ndiyo tuliyotandaza mkeka. Neema alikuja na mkasi, akakata kila swali ulilokosa, kipande kimoja kimoja. Akakwambia uyagawe. Huku yale ambayo hukuyajua kabisa. Huku uliyoyajua lakini ukakosea. Kule ambayo muda ulikwisha hujayafikia. Upepo ukawa unapeperusha vipande, na bibi yako, aliyekuwa anajifanya anasinzia, akavua ndala zake akazitupa juu ya mafungu, moja huku, moja kule.

Sote tulidhani fungu la usiyoyajua ndilo litakalokuwa kubwa. Lilikuwa dogo kuliko yote! Kubwa lilikuwa la uliyoyajua ukayakosa. Mwaka mzima ulikuwa umekesha na baiolojia, somo unalolipenda, ambalo hukuwa na tatizo nalo. Kumbe ulipokuwa unavujia ni pengine kabisa. Maswali yaliyouliza "lipi si kweli" uliyajibu kana kwamba yameuliza lipi ni kweli. Na kila penye gramu na miligramu, nukta yako ilikuwa inahama.

Kulikuwa na lile swali la vidonge. Daktari ameandika robo gramu ya dawa, kidonge kimoja kina miligramu mia moja ishirini na tano, mgonjwa apewe vingapi? Jibu ni viwili. Wewe uliandika ishirini. Nikalisoma kwa sauti, na bibi yako akafumbua macho.

"Ishirini?" akasema. "Basi leteni na sanda kabisa, msinisumbue mara mbili."

Tulicheka mpaka Neema akakaa chini. Lakini kicheko kilipokwisha, ulikichukua kile kipande ukakitazama muda mrefu. "Huyu mgonjwa ningemuua," ukasema polepole. Neema akakujibu, "Ndiyo. Leo umemuua kwenye karatasi, na hakuna aliyelia. Ndiyo kazi ya karatasi."

Nimelishika neno hilo. Nimelipeleka mpaka darasani kwangu. Siku hizi kabla ya kumrudishia mtoto karatasi, namuuliza anionyeshe swali moja alilokosa na anieleze alikuwa anawaza nini. Wengine hawasemi kitu mpaka wiki ya tatu. Mmoja alilia. Nangoja.

Usidhani nakumbuka kana kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Wiki nyingine ulipanda, wiki nyingine ukaanguka bila sababu niliyoiona. Nami nikapata ugonjwa mpya, wa kupenda makosa yako kupita kiasi. Nilikuwa nakungoja mlangoni na mkasi. Mpaka siku ile uliponiambia, na sauti yako ilipanda mbele yangu kwa mara ya kwanza, "Mama, nimechoka kutandaziwa makosa yangu kama dagaa!" Ukavaa kofia ukaondoka. Nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu, kisha nikaona una haki. Mtu akiambiwa alipopotea kila siku, atasahau kwamba anajua njia. Tulipumzika wiki nzima. Ulikwenda Utende na baba yako, mkaenda na wageni kumtazama papa potwe, yule papa mkubwa asiyedhuru, ukarudi na mgongo umeungua na moyo umetulia. Karatasi iliyofuata ilikuwa nzuri kuliko zote, na sikuipigia mtu simu.

Lakini siku niliyotaka kukuandikia hasa ni nyingine, na nadhani wewe umeisahau. Ilikuwa Jumamosi, mtihani umekaribia. Nilikuwa nasahihisha, nikaona umeweka nukta ndogo za penseli pembeni ya baadhi ya maswali. Nikadhani ni yale yaliyokushinda. Nikafika kwenye swali moja la kemia, jibu lako ni sahihi, na nukta ipo.

"Hili umelipata," nikakwambia. "Mbona umelitia nukta?"

"Nimelipata, lakini sikulijua. Nilibahatisha." Ukanyoosha mkono kuchukua mkasi. "Hilo nalo likatwe, liende kwenye fungu la nisiyoyajua."

Nikakupa mkasi. Nilijifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Hakuna ambaye angejua, Faki. Ilikuwa alama yako halali, ungeweza kuichukua ukaenda nayo. Mtoto aliyekuwa ananiletea themanini na moja za kukariri alikuwa ananirudishia alama ya kweli kwa sababu haikuwa na elimu ndani yake. Orodha ya pili ilikuwa bado miezi, lakini mimi siku ile nilikwisha kuona nilichotaka kukiona. Kama jina lisingetoka tena, ningelia, sikatai, lakini ningelia nikijua nimemlea nani.

Likatoka. Lilikuwa chini sana kwenye orodha, majina machache kabla ya mwisho, na baba yako alilisoma mara tatu kwa sauti kama imamu. Mama yako mdogo akapiga simu akauliza umepata ngapi. Nikamwambia sijui. Akadhani nakukinga na jicho la hasidi. Lakini kweli sijui, sikukuuliza, na wewe hukuniambia, na tumekula na kulala vizuri tu.

Sasa unakwenda mahali ambapo watakupima kila wiki. Kutakuwa na wenzako waliotoka shule kubwa, watajibu kabla swali halijaisha. Kuna karatasi zitakazorudi na namba ya aibu. Usiifiche, na usikae unaitazama namba yenyewe. Itazame mpaka ikuonyeshe wapi, halafu lala. Na uchague watu wawili watatu ambao unaweza kuwatandazia mkeka mbele yao bila kuogopa nyuso zao. Ukimpata mwalimu wa aina hiyo, mshike. Nilimpata mmoja ng'ambo ya njia, na nusura nimpoteze kwa maneno ya mlangoni.

Iko siku hutakuwa tena kwenye karatasi. Utakuwa wodini, usiku, umechoka, na utakosea, kwa sababu binadamu hukosea na wewe ni binadamu niliyemzaa mimi. Siku hiyo, kabla hujaulizwa, sema. Sema mapema, sema kwa mkubwa wako, sema hata kama mgonjwa ameamka mzima na hakuna aliyeona. Najua unaweza, nimekuona ukiweka nukta. Wakikufokea, watakufokea. Mgonjwa atakuwa salama, nawe utalala.

Na ukitaka kunipigia simu usiku huo, piga. Sitakuuliza mengi. Kama utasikia nimenyamaza, usiogope, si kile kimya cha zamani. Ni mimi nakusikiliza.

Nasikia bibi yako anaamka, anauliza kama umerudi. Kabla hujaingia, nikuandikie lile ambalo midomo yangu hainipi nafasi ya kulisema uso kwa uso. Mtoto wa kwetu haondoki bila radhi za wazazi, na kesho bandarini watu watakuwa wengi, baba yako atakuwa na mizigo, nami nitakuwa na machozi. Basi zichukue hapa. Nimekuwia radhi, Faki, kwa ulivyokuwa na kwa utakavyokuwa. Hukuzipata kwa kufaulu, na siku utakayoanguka hazitapungua. Nenda, mwanangu.

Mama yako